Kilo zimeshuka, na sukari je? Namna ya kuvisoma pamoja baada ya kupunguzwa tumbo

Mama mdogo wangu anakaanga sato pale Igoma, na siku anaenda Dar kupunguzwa tumbo, yaani upasuaji wa kuufanya mfuko wa chakula uwe mdogo, alikuwa na kilo 112 na kisukari cha miaka 6. Siku ya sita baada ya upasuaji tukapima asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, mashine ikaandika 6.8. Huyu ni mtu ambaye alikuwa hashuki chini ya 11 hata ashinde na mlenda na kitonge kimoja cha ugali. Akanitazama akasema, "Baba, si nimepona?" Nikamwambia mama mdogo subiri kwanza, tukapanda mizani, kilo zilizopungua 4. Kilo 4 kwa mtu wa 112 hata gauni halijui.

Hilo swali lake ndo limenifanya niandike hapa, maana tangu siku ile mimi ndo nashika daftari lake la kilo na sukari, saivi tunaelekea mwaka wa pili, na nimegundua watu wengi wakishapunguzwa tumbo wanaangalia kitu kimoja tu. Wengine kutwa wako kwenye mizani, wengine kutwa wanajichoma vidole. Ukiviangalia hivi vitu viwili kila kimoja kivyake utadanganyika, tena utadanganyika kwa furaha. Sukari inatangulia kushuka, kilo zinafuata nyuma, alafu baadae ni zile kilo ndo zinaishikilia sukari isipande tena. Ukishaelewa huo mpangilio mengine yanakuwa mepesi. Mimi sio daktari, ni mtu wa daftari tu, kwa hiyo yanayohusu dawa nenda nayo kwa daktari wako ukiwa na namba zako mkononi. Na yote haya nazungumzia kisukari aina ya 2, ile aina ya 1 upasuaji hauiondoi, mtu anabaki na insulini yake hata akipungua vipi.

Anza na dawa kabla hujafurahia chochote

Hili naliweka juu kabisa kwa sababu sisi lilitukuta. Mama mdogo alikuwa anameza vidonge viwili vya sukari, metifomini na glibenklamidi. Tuliporudi Mwanza ile glibenklamidi ilikuwa bado ipo kabatini, na mkono una mazoea, asubuhi unajiendea wenyewe kwenye kopo. Hatukuuliza na hatukuambiwa, au labda tuliambiwa tukiwa tumechoka tukasahau, sitaki kumlaumu mtu. Wiki ya tatu tukawa kwenye kivuko cha Kamanga tunavuka kwenda msibani Sengerema, yeye amekunywa supu iliyochujwa vijiko vichache tu tangu asubuhi. Katikati ya maji naona anatoka jasho, kanga imelowa mgongoni, mikono inatetemeka, namuuliza kitu ananijibu kingine. Nikapima palepale tumekaa kwenye benchi, 2.9. Bahati nzuri mama mmoja alikuwa na glukosi ya unga kwenye mkoba wake, tukaikoroga kwenye maji akanywa taratibu, baada ya dakika 15 nikarudia kupima ikawa 4.6, ndo na mimi nikapumua.

Kilichotokea ni rahisi kuelewa. Glibenklamidi inailazimisha kongosho itoe insulini, haiulizi umekula au hujala. Zamani alikuwa anakula sahani nzima, saivi anakula vijiko vitano, dozi ni ileile. Insulini ya kujichoma nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo kabla hujatoka wodini uliza dawa moja baada ya nyingine kwa jina lake, hii naendelea, hii nakata, hii napunguza, na uandikiwe kwenye karatasi. Metifomini mara nyingi wanaiacha iendelee kwa mda kwa sababu yenyewe peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kuna na zile dawa mpya zinazomwaga sukari kwenye mkojo, ambazo majina yao yanaishia na flozini, hizo mtu asiyekula vizuri zinaweza kumletea tindikali mbaya kwenye damu hata kama sukari inasoma kawaida, zenyewe zinasimamishwa kabla hata ya upasuaji. Na dawa za presha pia, uzito ukishuka presha inashuka, ukiendelea na dozi ya zamani utaanza kuona kizunguzungu ukisimama ghafla ukadhani ni sukari.

Na ukitoka jasho na kutetemeka, pima kwanza ndo uamue, ila kama mashine haipo karibu chukua kitu cha sukari usisubiri.

Kwa nini inashuka haraka hivyo

Mwaka 1995 huko Marekani daktari mpasuaji anaitwa Walter Pories alitoa ripoti ya watu 608 aliowafanyia baipasi ya tumbo, aina mojawapo ya huu upasuaji, na kati ya watu 146 waliokuwa na kisukari cha ukubwani, sukari ilirudi kawaida kwa 121. Nia yake ilikuwa kuwapunguza unene tu, kisukari ndo kikamshangaza. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakibishana, je ni kilo au ni kitu kingine.

Jibu fupi ni kwamba siku za mwanzo ni njaa. Usicheke. Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, mwaka 2011 alichukua watu 11 wenye kisukari aina ya 2, hakuwapasua, akawapa chakula cha kalori 600 tu kwa siku kwa wiki 8. Ndani ya siku 7 sukari yao ya asubuhi ilikuwa imesharudi kawaida. Ini ndo lilikuwa limejaa mafuta, na ini lenye mafuta halisikii insulini, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha hata kama hujala. Ukikata chakula ghafla mwili unaanza kuchoma yale mafuta ya ini kabla ya yale ya kiunoni, ndo maana sukari inashuka na gauni bado linabana. Kongosho yenyewe ilichukua mda zaidi, zile wiki 8, kuanza kutoa insulini vizuri tena.

Sasa aliyepunguzwa tumbo anaishi hiyohiyo njaa bila kuisikia sana. Kwenye slivu, ambayo ni aina nyingine ya upasuaji huu, wanatoa kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula, unaobaki una umbo la ndizi, tena ndizi ndogo. Kwenye baipasi wanabakiza kifuko kidogo juu alafu chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba kinaingia mbele moja kwa moja, na kikifika huko haraka utumbo unatoa homoni zinazoiambia kongosho itoe insulini na kuuambia ubongo umeshiba. Slivu nayo inaleta kidogo mambo hayo. Kwa hiyo kuna kitu cha ziada zaidi ya kilo, hilo ni kweli, ila huo msukumo wa mwanzo usiufanye ndo mtaji wako wa miaka yote.

Namba ninazozipenda mimi hazitoki hata kwenye upasuaji. Kuna utafiti wa Uskoti na Uingereza uliotoka 2017, watu 306, nusu yao wakapunguzwa uzito kwa chakula maalumu. Baada ya mwaka, waliopungua kilo 15 na kuendelea, 86 kati ya kila 100 sukari ilikuwa imetulia bila dawa. Waliopungua kilo 10 mpaka 15 walikuwa 57. Kilo 5 mpaka 10, 34. Chini ya kilo 5, 7 tu. Walioongezeka kilo, hakuna hata mmoja. Angalia hiyo ngazi inavyoshuka, hapo hakuna kisu wala nyuzi, ni kilo peke yake. Upasuaji kazi yake kubwa ni kukufikisha kwenye ile ngazi ya juu na kukusaidia ukae huko, kitu ambacho kwa nguvu ya kujinyima tu wengi tunashindwa.

Na puto la kuwekwa tumboni, kama wanavyoweka kule hospitali ya Mloganzila Dar, hilo sio upasuaji na linatolewa baada ya miezi kadhaa. Linapunguza kilo kweli, ila siku linatoka tumbo linakuwa vilevile lilivyokuwa, kwa hiyo daftari linatakiwa kuwa kali zaidi.

Daftari lenyewe

Nunua daftari la kawaida la shule, usitegemee simu, simu inaibiwa kwenye daladala ya Buhongwa na historia yako yote inaenda. Chora safu nne: tarehe, kilo, sukari ya asubuhi, na ya mwisho dawa alizomeza. Hiyo ya dawa watu wanaisahau na ndo yenye maana kuliko zote, kwa sababu sukari ya 6.2 na dawa mbili sio sukari ya 6.2 bila dawa.

Mizani iwe moja. Hapa nina hadithi. Mama mdogo anafuata samaki na dagaa mwaloni Kirumba mara mbili kwa wiki, na kule kuna mizani kubwa ya chini ya kupimia magunia, basi siku moja kapanda yeye, na kitenge, na mkoba, na simu mbili, na hela za mauzo, wapimaji wakaanza kushangilia "gunia hilo mama!", ikasoma 101. Juzi yake kliniki ilisoma 96. Akarudi nyumbani hajala, analia, anasema tumbo limefunguka. Kumbe ni mkoba. Mizani moja, asubuhi, umeshatoka msalani, nguo nyepesi, mara moja kwa wiki. Kila siku sikushauri, maji peke yake yanapandisha na kushusha kilo nzima na moyo wako hautapumzika.

Sukari kwa wiki za mwanzo fuata ulivyoambiwa hospitali, hasa kama bado unatumia insulini ni mara kadhaa kwa siku. Baadae ikishatulia sisi tulikuwa tunapima asubuhi mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na mara mojamoja masaa mawili baada ya kula, stripu zenyewe ni hela.

Alafu kila mwezi piga hesabu ya asilimia, hii ndo inayokuambia uko wapi kuliko kilo zenyewe. Chukua kilo za siku ya upasuaji, toa za leo, gawa kwa zile za siku ya upasuaji, zidisha kwa 100. Mama mdogo alikuwa 112. Mwezi wa 3 tangu upasuaji alikuwa 96, zimetoka 16, ni asilimia 14. Mwezi wa 6 alikuwa 88, asilimia 21. Mwezi wa 12 alikuwa 84, zimetoka 28, asilimia 25 kamili. Kwa slivu na baipasi wengi wanafika asilimia 25 mpaka 30 ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, baipasi ikiwa juu kidogo. Kwa nini asilimia na sio kilo? Kwa sababu jirani yako alikuwa 150 akapungua 28 na we ulikuwa 95 ukapungua 28, hamjafanya kitu kimoja kabisa, na wivu wa kilo ni mbaya kuliko wivu wa mume.

Ukiweka mstari wa kilo na mstari wa sukari kwenye ukurasa mmoja utaona kitu: sukari inaporomoka ghafla wiki mbili za kwanza alafu inalala, kilo zinateremka polepole kama mtu anayeshuka mlima wa Bugando kwa miguu na mzigo kichwani. Kilo zikisimama mwezi mzima kati ya mwezi wa 3 na wa 6 usiogope, zinasimama kwa watu wengi alafu zinaendelea.

Lini useme imetulia

Sio siku ya sita. Mwaka 2021 vyama vikubwa vya kisukari vya Marekani, Ulaya na Uingereza vilikaa vikakubaliana neno moja: kisukari kimetulia pale ambapo HbA1c, ile tunayoiita sukari ya miezi mitatu, iko chini ya asilimia 6.5, na ni angalau miezi 3 tangu uache dawa zote za sukari. Vyote viwili. Ukiwa na 6.0 huku unameza metifomini hongera sana, ila hujafika hapo bado. Na ona walivyochagua neno, hawakusema kupona. Moto umezimwa, makaa yapo chini ya majivu.

Kwa mama mdogo glibenklamidi ilikatwa baada ya lile tukio la kivukoni, metifomini akaiacha kwa ruhusa ya daktari mwezi wa 4, tukasubiri, mwezi wa 8 HbA1c ikaja 5.8. Siku hiyo ndo nikaandika "imetulia" kwa wino mwekundu. Ilikuwa 9.1 kabla ya upasuaji.

Sasa kitu kimoja cha huku kwetu. Kanda ya Ziwa tuna selimundu nyingi, ile wengine wanaiita siko seli, na wengi wanabeba nusu ya hiyo hali bila kujua. HbA1c inapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, kwa mgonjwa wa selimundu chembe zinakufa mapema kwa hiyo kipimo kinatoka cha chini kuliko ukweli, na hata kwa anayebeba tu mashine nyingine zinasoma vibaya. Ukiongezewa damu nacho kinavurugika. Na upande wa pili, ukiishiwa madini ya chuma, kitu cha kawaida sana baada ya baipasi na hasa kwa wanawake wanaopata hedhi, HbA1c inaweza kupanda juu kidogo wakati sukari yako haina shida. Kwa hiyo namba ya miezi mitatu ikigombana na namba za daftari, usichague ile inayokufurahisha, mwambie daktari. Walewale wa 2021 walisema sukari ya asubuhi ya maabara chini ya 7.0 inaweza kutumika pale HbA1c isipoaminika.

Nani ana nafasi kubwa

Hapa niseme ukweli mchungu kwa sababu kuna watu wameuza kiwanja wakiamini watatupa sindano ya insulini ziwani. Kilo ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kongosho yako imebaki na nguvu gani. Madaktari wana namna ya kukadiria kabla ya upasuaji, wanaangalia umri wako, HbA1c yako, unatumia dawa gani, na je unajichoma insulini. Kijana mwenye kisukari cha miaka 3 anayemeza kidonge kimoja nafasi yake ni kubwa sana. Mzee mwenye kisukari cha miaka 18 anayejichoma insulini asubuhi na jioni, hata apungue asilimia 30, anaweza kubaki nayo, ila dozi ikashuka sana. Hiyo nayo sio kazi bure jamani, kutoka yuniti 60 kwenda 12 ni faida, miguu na macho yanashukuru.

Hii pia inakusaidia kusoma daftari. Kilo zimeshuka asilimia 25 na sukari bado iko juu? Kosa linaweza lisiwe kwenye sahani, uliza kuhusu kipimo cha kongosho kinaitwa si-peptaidi, kinaonyesha bado unatoa insulini kiasi gani. Kilo zinashuka kwa kasi, kiu kali, mkojo kila saa na sukari inapanda? Huko sio kupungua kwa heri, nenda hospitali leo. Kilo hazijashuka kabisa na sukari imepanda? Hapo tuongee chakula.

Chakula cha ziwani kwenye tumbo la ndizi

Wiki za mwanzo ni vya kunywa, kisha vilivyosagwa, kisha laini, mpaka kama wiki ya 6 au 8 ndo unarudi kwenye chakula cha kawaida, ratiba kamili utapewa na hospitali yako. Supu ya sato iliyochujwa ilitubeba. Ila uji wa lishe wenye sukari vijiko vinne na juisi ya miwa ya barabarani, hapana, vile vinateleza vinapita hata kwenye tumbo dogo na kilo zinarudi ukiwa unashangaa mbona sili.

Protini kwanza, ndo sheria. Wengi wanaambiwa angalau gramu 60 kwa siku, na kipande cha sato kilichopikwa cha gramu 100 kina kama gramu 25, kwa hiyo huku kwetu hatuna kisingizio kabisa. Mama mdogo anakula kwenye kibakuli cha kahawa. Anaanza na nyama ya shingo ya sato ile laini, anaichambua kwa vidole miiba yote, anaweka mdomoni kidogo anatafuna mpaka wateja wanamuuliza mama unatafuna bigijii? Kisha mboga, na ugali wa mwisho, na mara nyingi ugali haufikiwi. Maji hanywi na chakula, anasubiri nusu saa. Dagaa nao ni wazuri mno, ila wa kuchemsha na nyanya, sio wale wa kuogelea kwenye mafuta.

Ukila kitamu ukasikia ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, tumbo linasokota, unatafuta choo, hiyo ni chakula kimeanguka utumboni kwa kasi. Ukisikia kutetemeka na njaa kali saa moja hadi tatu baada ya kula, tena mwaka umeshapita na dawa hutumii, hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka sana baada ya insulini kutoka nyingi, inatokea zaidi kwa waliofanyiwa baipasi. Pima mda uleule, andika ulikula nini, peleka daftari.

Vitamini ni za maisha: B12, chuma, kalisiamu na vitamini D. B12 naomba uishike vizuri. Ikiisha inaleta ganzi na kuchomachoma miguuni, na mwenye kisukari atasema ah hii ni sukari ya zamani, akae nayo. Metifomini nayo inaipunguza ikitumika mda mrefu. Kwa hiyo ganzi mpya ikija wakati sukari imetulia, dai kipimo cha B12. Na ukitapika mfululizo siku kadhaa usikae nyumbani kunywa maji ya tangawizi, kuna vitamini B1 inaisha haraka na ikiisha inagusa ubongo. Diklofenaki na ndugu zake za maumivu ziulizie kabla ya kumeza, hasa wa baipasi, zinachimba vidonda kwenye ile sehemu ya maungio.

Na mdomo wa mtaa jiandae nao. Mtu akipungua kilo 28 Igoma nzima inajua ana ngoma, wengine walimletea mama mdogo mpaka pole ya matunda. Mashangazi kwenye sherehe wanakujazia pilau, "kula mama umekwisha wewe". Yeye alipata jibu lake, anasema "shangazi nimeshiba tangu Dar", wanacheka yanaisha.

Ikianza kurudi

Wataalamu wa Uswidi waliwafuatilia waliopasuliwa kwa miaka mingi, wakaona baada ya miaka 2, 72 kati ya 100 waliokuwa na kisukari kilikuwa kimetulia, baada ya miaka 15 walibaki 30. Roma huko Italia, watu 40 waliopasuliwa, baada ya miaka 10 ni watu 15 ndo walikuwa bado wametulia. Usizisome hizo namba kwa huzuni, walewale wa Uswidi waliopasuliwa walionekana kupata madhara ya mishipa midogo, yaani macho, figo na neva, kwa kiwango cha karibu nusu ya kile cha wale ambao hawakupasuliwa. Miaka ya sukari nzuri haipotei bure. Ila zinakuambia daftari halifungwi.

Kwetu ilikuja mwezi wa 22. Kilo 89, yaani zimerudi 5. HbA1c 6.3, bado ndani ya mstari lakini tuliiona inapanda kutoka 5.8, ikapita 6.0. Ukiangalia ukurasa mmoja unaona kabisa kilo zilianza kupanda mwezi wa 16, sukari ikafuata miezi mitatu minne nyuma. Hiyo ndo faida ya kuviandika pamoja, kilo zilitoa taarifa mapema kuliko kongosho.

Tukatafuta zinakotoka. Anasema hali chakula kingi, anaapa kabisa, na kweli kibakuli ni kilekile cha kahawa. Nikaenda kukaa naye kwenye karai mchana mzima. Kila akiopoa samaki vile vipande vinavyokatika mapezi na mikia vinakaa pembeni, na mkono unaenda, kimoja, baada ya dakika kingine, na kipande cha muhogo wa kukaanga wa jirani, toka saa tano mpaka saa kumi na mbili jioni. Kula kidogokidogo kutwa hakushibishi tumbo dogo, kunalizunguka tu. Saivi vile vipande vinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko ya mbwa wa jirani, na tumehesabu nyakati za kula, nne kwa siku, katikati ni maji tu. Wiki 6 baadae ni kilo 87.

Tumeshakubaliana na daktari wake kwamba HbA1c ikifika 6.5 ikarudiwa ikawa hivyohivyo, metifomini inaanza mara moja, hatusubiri ifike 9 kwa aibu ya kuonekana upasuaji umeshindwa. Macho anapimwa kila mwaka hata sasa, na alipimwa mapema baada ya upasuaji kwa sababu sukari ikishuka kwa kasi jicho ambalo lilikuwa limeshaathirika linaweza kuchafuka kwa mda. Mkojo wa figo kila mwaka, miguu yeye mwenyewe kila jioni akiosha, anainua unyayo kwenye mwanga wa taa ya karai.

Kipimo kijacho ni cha mwezi wa 24, karatasi nimeshaichomeka katikati ya daftari. Asubuhi ya leo kanipigia kabla hata ya shikamoo yangu kufika, "Baba andika, 86 na nusu, sukari 5.9, dawa hakuna."